Mauntingi Niliyoijaza Gundi

Kwa miaka mingi nilikuwa fundi anayeamini kwamba kitu kigumu ndicho kitu kizuri. Niliamini hivyo tangu Morogoro, nilikojifunzia kazi, na nikaja na imani hiyo Johannesburg kama wengine wanavyokuja na Biblia au msahafu. Gereji yangu iko Doornfontein, chini ya jengo la zamani ambalo ghorofa zake za juu wamepanga wanafunzi wa chuo. Mle ndani tuko wawili: mimi, na Mrundi mmoja wa rika langu anayeshughulika na umeme wa magari. Yeye ni mpole. Mimi si mpole, na mtu akinigusa kwenye kazi yangu nawaka. Nalisema mapema, kwa sababu bila hasira zangu mambo haya yasingefika yalikofika.

Injini ya gari haikai juu ya bodi moja kwa moja. Inashikiliwa na vipande vitatu au vinne vya chuma na mpira, ambavyo mafundi tunaviita mauntingi. Kazi yake ni kuibeba injini isianguke, na kumeza mtetemo wake usiwafikie waliokaa ndani. Katika magari mengi ni mpira mtupu. Katika mengine, langu likiwemo, ile kubwa ya upande wa kulia ina majimaji yaliyofungiwa ndani ya mpira. Ikizeeka, mpira unapasuka, majimaji meusi yanachuruzika, na injini inaanza kuruka kila unapoingiza gia.

Nyumbani tulikuwa na dawa yake. Unaifungua, unaiosha kwa petroli, unaianika juani, halafu unaijaza gundi ile nyeusi ya kubandikia vioo vya mbele. Baada ya siku mbili inakuwa ngumu kama ukwato wa punda. Haivuji tena, haipasuki, utauza gari na mauntingi itabaki. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema kwamba majimaji yale ni ujanja wa viwanda, ili turudi dukani kila baada ya miaka michache. Maneno yake niliyabeba nikavuka nayo mipaka mitatu, na hakuna askari wa forodha aliyeyakagua.

Gari langu lilipoanza kuvuja nililifanyia hivyohivyo. Nililifanyia na la kila mteja aliyekubali. Wachache walirudi kulalamika kwamba gari linatetemeka likisimama kwenye roboti. Roboti ni taa za barabarani. Hapa ndivyo zinavyoitwa, na Kiswahili chetu cha ugenini kimekubali. Niliwajibu wote jibu moja.

"Gari ni mashine, si kitanda. Utazoea."

Mrundi akinisikia hutikisa kichwa na kurudi kwenye nyaya zake. Wateja wawili watatu sikuwaona tena, nami nikasema waende salama, chema chajiuza.

Mke wangu ni Mkongo wa Uvira, anasuka nywele katika saluni moja mjini. Mwaka juzi ndugu zake walimleta mama yao kwetu atibiwe. Mimi niliambiwa ni tumbo. Kwa watu wao, na hata kwa wetu, tumbo la mama mkwe si jambo ambalo mkwe wa kiume anauliza linauma upande gani, kwa hiyo sikuuliza. Niliambiwa atapigwa mionzi wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kila siku saa mbili asubuhi. Niliambiwa pia neno la daktari: siku hizo zisikatizwe, maana ukikatiza ugonjwa unarudi na safari ile hausikii tena dawa.

Nikasema gari lipo na dereva ni mimi. Nilisema kwa moyo mweupe.

Adabu ya mkwe kwao ni kali. Mama mkwe hanipi mkono, hali nami meza moja, hataji jina langu. Nikitaka kujua kama ameshiba, namwuliza mke wangu, naye anamwuliza mama yake aliyeketi hatua mbili kutoka nilipo, na jibu linarudi kwa njia ileile. Mke wangu hilo halimchekeshi. Mimi mwanzoni lilinichekesha, baadaye nikaona lina raha yake, kwa sababu watu wawili wasioongea hawagombani.

Wiki ya kwanza mke wangu alitusindikiza. Ya pili saluni ilimwita, tukabaki wawili garini. Asubuhi ile ya kwanza, kabla mama hajatoka ndani, nilikishika kioo cha kati nikakigeuza kikaangalia dari. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu si adabu kuendesha nikimtazama mama mkwe usoni kwa nusu saa nzima. Nikategemea vioo vya pembeni. Yeye alikaa nyuma, upande wa kushoto, na mkoba wake mkubwa wa turubai. Akishakaa sawasawa alikohoa kidogo, nami nikajua ni ruhusa ya kuondoka.

Tunakaa Bertrams, na hospitali iko upande wa pili wa mji, magharibi. Unapita Doornfontein, unakata katikati ya mji, unatokea Newtown, unapanda kuelekea Mayfair na kuendelea. Roboti ni nyingi. Siku nyaya zake zikiibwa ni mbaya zaidi, maana kila gari linasimama, linasogea kidogo, linasimama tena. Muda wote huo mguu wangu uko kwenye breki na gia iko kwenye D, kwa kuwa gari ni la otomatiki. Nikifika namfungulia mlango huku nikitazama barabara, anashuka, anaingia na mkoba wake, namsubiri, namrudisha, ndipo naenda kufungua gereji. Nilijiona mkwe wa kupigiwa mfano.

Alhamisi ya wiki ya tatu, baada ya chakula cha jioni, mke wangu akaniambia mama yake anataka kurudi Uvira.

"Lini?"

"Wiki ijayo. Anasema amechoka. Anasema zile siku alizopata zinatosha."

Alikuwa amepata kumi na nne. Zilibaki kumi na moja.

"Daktari alisemaje?"

"Najua daktari alisemaje."

"Kama ni chakula, aseme. Kama ni mimi, aseme."

"Si chakula," akasema, na akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na wali.

Nikawaka. Nilisema mengi, na mama mkwe alikuwa chumba cha pili akisikia yote, na hilo nililijua nilipokuwa nasema. Nilisema kwamba kila asubuhi nafunga kazi. Nilisema kwamba mtu aliyeletwa kutoka mbali namna ile haruhusiwi kuchoka. Ijumaa mama hakutoka chumbani. Mke wangu ndiye aliyepiga simu hospitali kusema leo hatuji. Nilikwenda kazini peke yangu nikagonga vyuma siku nzima kwa nguvu isiyohitajika.

Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira nilikuwa naogopa. Mke wangu ana mama mmoja. Kama mama yule angerudi Uvira, ugonjwa ukarudi, akafa, nyumba yangu isingekuwa nyumba tena. Tungebaki tunaishi mle na neno lisilosemwa.

Jumamosi niliamua kuosha gari pale gereji, kwa kuwa sikuwa na la kufanya na mikono yangu. Niliposukuma kiti cha mbele cha abiria, chini yake nikakuta kitu kimekunjwa. Kilikuwa mto wa kukalia: kipande cha sponji ya godoro, mkunjo juu ya mkunjo, kimefunikwa kwa kitenge na kushonwa kwa mkono pande zote, nyuzi zimepangwa vizuri. Kitenge nilikitambua, mama mkwe alikuja amekivaa. Kumbe kitu hicho ndicho alichokuwa anakibeba kwenye ule mkoba. Siku ya mwisho alikisahau, au alikiacha kwa kuwa hakukihitaji tena.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilidhani anaona viti vyangu vichafu. Nikaupeleka ule mto mbele na kuutupa juu ya boneti.

"Anatandika kabla ya kukaa," nikamwambia Mrundi. "Gari langu lina kunguni?"

Mrundi akauchukua, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Hii si ya uchafu," akasema. "Mtu akiogopa uchafu anaweka kitambaa tu. Hii ni ya maumivu. Mais, lakini wewe, umeshawahi kukaa pale nyuma?"

Sikuwahi. Gari lile nilikuwa nalo kwa miaka sita, nilishalala chini yake, nilishaingia ndani ya boneti yake mpaka kiunoni, lakini kiti cha nyuma sikuwahi kukikalia hata mara moja. Nani atamwendesha fundi? Na sasa palikuwa mahali pa mama mkwe. Kwetu mtu halali kitanda cha mkwe wala hakalii kigoda chake, na nilisimama na mlango wazi nikijiuliza kama kiti cha gari nacho kimo katika hesabu hiyo. Mrundi alikwisha ingia mbele na kuwasha.

"Kaa, mzee. Hakuna anayekuona."

Nikakaa, upande wake, bila ule mto. Nikamwambia aweke D, akanyage breki, awashe na kipoza hewa, kama tunavyokuwa barabarani.

Mtetemo ulianzia makalioni. Ukapanda kiunoni, ukaingia tumboni, ukafika kwenye meno. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa wa namna moja, haubadiliki, hauishi, na ulikuwa unatoka moja kwa moja kwenye injini kupitia ile gundi yangu hadi kwenye mifupa ya nyonga. Mbele, kiti cha dereva kina springi nzuri, na mikono iko kwenye usukani, na akili iko barabarani. Nyuma huna la kufanya isipokuwa kutetemeka. Nikajaribu kuhesabu ni roboti ngapi kutoka Bertrams hadi hospitali, kwenda na kurudi. Nilipofika arobaini nikamwambia azime.

Jioni nilimfuata mke wangu jikoni, nikasimama mlangoni.

"Tumbo la mama ni tumbo lipi?"

Alikuwa anakata vitunguu na hakugeuka. Akaniambia: ni kizazi. Mionzi wanaipiga chini, na kila wiki inavyoongezeka ngozi inaungua kwa ndani na kwa nje. Hata kwenye kochi anakaa kwa ubavu. Hospitali walimwambia ni kawaida, itapita siku zikiisha.

"Na gari?"

"Gari inamuumiza sana."

"Mbona hamkuniambia?"

Hapo akageuka. Alikuwa analia, na vitunguu vilimpa kisingizio.

"Nikuambie nini? Mimi nimeshakusikia na wateja. Na mama alinikataza. Alisema, mukwe anafunga kazi yake kila asubuhi juu yangu, mimi sasa nimutukanie kazi ya mikono yake? Afazali nirudie kwetu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mama yule alikuwa anakwenda kufa ili asinivunjie heshima. Alikuwa amekaa nyuma yangu siku kumi na nne akiuma meno, nami nimegeuza kioo nisimwone, na wote wawili tulikuwa tunafuata adabu.

Jumapili Mrundi alikuja gereji akitokea kanisani, na shati lake jeupe. Tulining'iniza injini kwa winchi, nikaitoa mauntingi ile, nikaibana kwenye jiliwa na kuikata katikati kwa msumeno wa chuma. Nilitaka kuona nilichokifanya. Ndani kulikuwa na vyumba viwili, kimoja juu na kingine chini, na kati yake sahani yenye mfereji mwembamba unaozunguka ukingoni. Mrundi akauonyesha kwa ncha ya bisibisi. Injini ikitikisika, akasema, majimaji yanasukumwa yatoke chumba cha juu, yapite kwenye mfereji huu, yaende cha chini, halafu yarudi. Njia ni nyembamba, kwa hiyo yanachelewa, na katika kuchelewa huko mtetemo unaishiwa nguvu. Mfereji wote ulikuwa umejaa gundi yangu nyeusi, imekauka vizuri sana. Kazi safi. Nilikuwa nimeziba kitu pekee kilichokuwa na maana mle ndani.

"Ulijua hivi siku zote?" nikamwuliza.

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilisema mara moja, mwaka wa kwanza," akasema. "Ulinirushia spana."

Sikumbuki, lakini simbishii.

Siku ya Jumapili maduka mengi ya spea yamefungwa, isipokuwa la Msomali mmoja wa Mayfair, ambaye siku yake ya kufunga ni Ijumaa mchana tu. Nikaenda kwa teksi na vipande vyangu viwili kwenye mfuko wa plastiki. Akavitazama, akanitazama na mimi.

"Wataka ya mpira mtupu au ya maji?"

"Ya maji."

Alinipa moja mpya kwenye boksi. Niliitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi. Haikutoa sauti. Yule bwana akacheka, akaniambia ikitoa sauti irudishe. Tukaifunga jioni ileile, pamoja na mbili ndogo za mpira ambazo nazo nilikuwa nimezijaza gundi kwa nyakati mbalimbali. Nilipowasha, nilikaa nyuma kwanza kabla ya kukaa mbele.

Nyumbani nikamwambia mke wangu amwambie mama yake neno langu: kosa lilikuwa langu, limerekebishwa, namwomba siku moja tu, Jumatatu. Mama alikuwa palepale kwenye kochi, amekaa kwa ubavu, akitazama ukuta. Mke wangu akamweleza. Mama akafikiri.

"Mwambie siku moja," akasema. "Juu ya heshima yake."

Asubuhi alitoka na mkoba wake. Ule mto nilikuwa nimeufua na kuuweka mahali pake, sikuugusia. Kioo kilikuwa bado kinaangalia dari. Akakaa, akakohoa, tukaondoka.

Roboti ya kwanza ilikuwa nyekundu. Nilisimama nikasikiliza nyuma, kimya. Ya pili, kimya. Nilikuwa natoka jasho mikononi kama mtu anayefanya mtihani wa leseni. Tulipofika Newtown roboti zote zilikuwa zimekufa, nyaya zimeibwa tena, na foleni ilikuwa imefika chini ya daraja. Tukasimama. Tukasogea, tukasimama. Ilikuwa sehemu mbaya kuliko zote, na hapo ndipo nilipomsikia anakohoa.

"Mukwe."

Tangu aje hakuwahi kuniita. Hakuna aliyekuwepo wa kulipokea neno na kunipitishia.

"Naam, mama."

"Gari imezimika?"

"Hapana, mama. Inawaka."

Gari la mbele likasogea, nasi tukasogea.

"Inawaka, na haisemi kitu," akasema. Halafu akauliza, "Zimebakia siku ngapi?"

Alikuwa anajua kuliko mimi.

"Pamoja na ya leo, kumi na moja."

"Basi na kesho tutoke saa moja."

Wakati wa kurudi, tukishuka kutoka Mayfair, nilianza kusikia mkwaruzo mzito nyuma, unakuja na kupotea. Nikasema beringi ya gurudumu hiyo, leo tena. Nikazima feni ili nisikie vizuri. Kwenye roboti tukasimama, na beringi haitoi sauti gari likiwa limesimama, lakini mkwaruzo uliendelea. Nilichukua muda kuelewa kwamba mama mkwe alikuwa anakoroma.

Kioo sikukigeuza. Taa ikawa ya kijani, nikaondoa gari polepole mno, wa nyuma wakapiga honi, na mimi ninayegombana na kila mtu barabarani niliwaacha wapige. Bertrams niliegesha mbele ya nyumba, nikaiacha injini ikiendelea, nikakaa nimeshika usukani mpaka alipoamka mwenyewe.

Jioni mke wangu alirudi kutoka saluni, na kabla hajavua viatu akaniuliza mama alikuwaje njiani. Mkwe hasemwi kwamba anakoroma. Nikamjibu kwamba alikuwa kimya, na kwamba kesho tunatoka saa moja.